Hobie 16 ya mtumba katika Ziwa Victoria: tathmini baada ya mwaka mmoja

Mwezi wa Februari mwaka jana nilinunua katamarani ndogo ya tanga, yaani chombo cha mitumbwi miwili, aina ya Hobie 16, kwa shilingi milioni tisa na nusu, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga nyumba yake ya Entebbe ili arudi kwao Ulaya. Chombo kilikuwa kimelala kwenye nyasi za uani kwa miaka isiyopungua minne, kimefunikwa turubai la buluu lililochanika katikati, na mchwa walikuwa wamekwisha kuyala magogo mawili yaliyokiegemeza. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimelelewa na mjomba aliyekuwa mvuvi wa ngalawa, na katika miaka kumi na minne niliyoishi Uganda sijapita kando ya ziwa hili bila kutamani kuwa na tanga juu yake. Nilikuwa nimekwisha kuamua kununua kabla ya kulifunua turubai, na hilo ndilo kosa la kwanza ninalotaka msomaji aliepuke.

Ninamwandikia mtu aliyeko Kampala, Entebbe au Jinja, ambaye ameona chombo kama hiki kikiuzwa kwa bei inayovutia na hajui aanzie wapi. Maelezo katika lugha nyingine ni mengi, na baadhi yake ni mazuri sana, lakini yaliandikwa na watu ambao duka la vipuri liko mwendo wa nusu saa kutoka mlangoni pao. Huku kwetu duka hilo halipo, na hesabu yote inabadilika kwa sababu hiyo: chombo cha mtumba hupimwa kwa kuuliza ni sehemu zipi fundi wa hapa anazimudu na zipi zikiharibika ndiyo basi. Baada ya kuitumia Hobie hii katika misimu miwili ya mvua na miwili ya kiangazi, jibu langu ni kwamba unachonunua hasa ni mitumbwi yake miwili. Vilivyobaki vyote hupatikana, kwa gharama ndogo au kubwa.

Kwa asiyeijua, Hobie 16 ilibuniwa California na Hobie Alter, mtengenezaji wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi, ikauzwa kuanzia karibu na mwaka 1970, baada ya ndugu yake mdogo Hobie 14 iliyotoka mwaka 1968. Tangu hapo zimeundwa zaidi ya 100,000, na ndiyo maana hata huku kwetu, mbali na bahari, huonekana moja moja kwenye nyasi za klabu na nyuma ya nyumba za watu. Ina urefu wa mita 5.04, upana wa mita 2.41, uzito wa kilo 145, na mlingoti unaopita mita 8. Mitumbwi miwili myembamba ya faiba imeunganishwa kwa fremu ya alumini iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi, na katikati ya fremu hiyo umekazwa wavu mzito wa kukalia. Ina matanga mawili, tanga kuu na tanga dogo la mbele, yenye eneo la mita za mraba 20 hivi kwa pamoja. Mtu wa pwani akiiona kwa mara ya kwanza huiona kama ngalawa ambayo mirengu yake ya pembeni imekua ikawa mitumbwi kamili na mtumbwi wa kati ukaondolewa.

Kuna jambo moja katika umbo lake ambalo halionekani haraka. Mtumbwi mmoja mmoja haukulingana pande zake mbili: upande wa nje ni bapa na upande wa ndani umebinuka. Umbo hilo hukizuia chombo kisisukumwe ubavuni na upepo, kwa hiyo hakihitaji mkuku mrefu wala ubao wa kushusha majini, na sukani zake mbili hujiinua zenyewe zikigusa chini. Faida yake kwa ziwa letu ni kubwa. Pale Kigungu, Entebbe, ninapokiweka, maji ni ya kina kifupi na chini kuna mawe, nami hufika ufukoni tanga likiwa juu, sukani zikainuka, na mitumbwi ikapanda mchanga bila kuumia.

Sasa niseme kuhusu mitumbwi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo fedha hupotea. Faiba ya Hobie 16 si tabaka moja nene. Ni tabaka mbili nyembamba zenye povu gumu katikati yake, mfano wa mkate uliotiwa siagi. Chombo kikikaa juani kwa miaka, au maji yakipenya kwenye tundu la skrubu lisilozibwa, gundi inayoshika tabaka kwenye povu huachia, na mtumbwi hulegea ingawa rangi yake bado inang'aa. Mahali panapolegea mara nyingi ni kwenye sitaha, mbele kidogo ya nguzo za mbele, kwa sababu nguvu yote ya mlingoti na mawimbi hupita hapo. Siku ya kununua niliipigapiga faiba kwa kiganja nikaridhika. Wiki mbili baadaye fundi wa faiba wa Ndeeba, Kampala, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuunga bampa za matatu, alinifundisha namna ya kweli ya kukagua. Alitoa sarafu ya shilingi mia tano mfukoni, akapiga magoti, akaanza kugonga sitaha polepole kutoka omoni, yaani mbele ya chombo, kuelekea nyuma, kila sentimita tatu au nne, sikio lake likiwa karibu na faiba. Mlio ulikuwa mkavu na mkali, ti, ti, ti, kama kugonga kikombe. Alipofika mbele ya nguzo ya kulia mlio ukabadilika ghafla ukawa mzito, du, du, kama kugonga boksi la karatasi. Akachukua kalamu ya rangi akauzungushia mstari mpaka wa mahali mlio ulipobadilika, kisha akabonyeza kwa vidole gumba viwili, nami nikaona sitaha ikishuka na kurudi. Umbo lililobaki limechorwa pale lilikuwa na ukubwa wa sahani ya pilau.

"Mzee, huyu anaumwa ngozi," aliniambia. "Mifupa yake bado."

Nilimuuliza kama angeweza kumtibu, akajibu kwamba hajawahi kutibu mtumbwi, ila ameunga mapaa mengi ya magari. Tuliifanya kazi pamoja kwa siku tatu. Tulitoboa vitundu vya milimita tatu ndani ya mstari, vikiachana kwa sentimita mbili na nusu, kwa uangalifu ili keekee ipite tabaka ya juu tu na isitoboe ya ndani. Tuliuacha mtumbwi ukauke kabisa juani, mdomo wa vitundu ukitazama chini mchana na kufunikwa usiku. Kisha tukachanganya epoksi nyepesi na kuisukuma kwa mabomba ya sindano tuliyoyanunua duka la dawa, kuanzia tundu la chini, hadi epoksi ilipochomoza kwenye tundu linalofuata, tukaliziba lile la kwanza kwa utepe na kuhamia la pili. Mwisho tuliweka karatasi ya plastiki, ubao, na matofali manne juu yake, tukaondoka mpaka kesho yake asubuhi. Sarafu ile ile ilipogongwa tena, mlio ulikuwa mkavu. Mwaka umepita na mahali pale bado pagumu kuliko sehemu nyingine za sitaha.

Kwa hiyo sahani moja ya ulegevu inatibika. Ukikuta eneo lenye urefu wa mkono mzima, au ulegevu ukiwa ubavuni au chini ya mtumbwi, usinunue hata kama muuzaji anashusha bei kila unapofungua mdomo. Vivyo hivyo ukikuta nguzo ya alumini inacheza pale inapoingia kwenye mtumbwi. Muuzaji wangu aliniambia chombo kimetunzwa vizuri, na naamini alisema alichokijua, lakini neno la muuzaji haligongwi kwa sarafu.

Kipimo cha pili ni cha kuvuja. Kila mtumbwi una kizibo nyuma, na chombo kilichokaa nje hukusanya maji ya mvua ndani bila mwenyewe kujua. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye chombo mfungue vizibo na kuinua omo. Kwenye mtumbwi wa kushoto yalitoka maji ya kujaza ndoo, na yalinuka. Baadaye tulipachika mpira kwenye tundu la kizibo, tukapaka povu la sabuni kwenye maungio yote, nikapuliza kwa mdomo wangu huku binti yangu akitafuta mapovu. Tulikuta matatu, yote chini ya ukingo ambapo sitaha hukutana na ubavu. Asikudanganye mtu utumie pampu ya kompresa, kwa sababu maungio hayo hayakuundwa kubeba shinikizo na utayapasua.

Tanga, kamba na wavu sitavizungumzia kwa urefu. Wavu wa kukalia nilishonewa na vijana wanaoshona maturubai ya malori, kwa kipimo nilichowapa pamoja na wavu wa zamani kama ruwaza, na kazi yao ni imara kuliko ile ya kwanza. Nyuzi za mshono wa tanga kuu zilikuwa zimekauka kwa jua, zikikatika kwa kukwaruzwa na ukucha, ingawa kitambaa chenyewe kilikuwa kizima, hivyo lilishonwa upya mistari yote. Kamba za demani (za kuongozea tanga) na henza (ya kulipandishia) zilibadilishwa. Angalizo moja tu: katika maduka ya vifaa vya uvuvi utauziwa nailoni kwa kuwa ndiyo iliyopo, nayo inafaa kufungia chombo lakini haifai kwa henza, kwani hurefuka ikivutwa na tanga litashuka kidogo kidogo ukiwa katikati ya maji. Tafuta poliesta.

Nyaya za kushikilia mlingoti ni habari nyingine. Ni za chuma kisichoshika kutu, nyembamba, na ukipitisha kitambaa juu yake ukakuta uzi mmoja tu umekatika na kunasa kitambaa, waya huo umekwisha. Waya mmoja ukikatika, mlingoti wote unaanguka, na walio kwenye wavu wako chini yake. Nilizitoa Mombasa, zikaja kwa basi, na sikubishana bei. Vipuri vya sukani niliviagiza ng'ambo kwa sababu vile vipande vya kuinua na kufunga usukani ni vya kusubu na fundi wa kuvichonga sikumpata. Duka nililoagizia lilinitumia vipande viwili vya upande wa kushoto. Kurudisha kimoja na kusubiri kingine kulichukua wiki saba, na ushuru nikaulipa mara mbili. Yeyote atakayeagiza apige picha ya kipande chake cha zamani, aandike upande, na asilipe kabla ya kuthibitishiwa kwa maandishi.

Maji ya ziwa hayana chumvi, na hili ni jambo la kushukuru. Hobie iliyoishi ziwani haina ule ugonjwa wa alumini kuliwa pale inapogusana na skrubu za chuma, ambao kwa vyombo vya baharini ndio humaliza fremu. Kama unachonunua kimetoka Mombasa au Dar es Salaam, fungua kila skrubu ya fremu na utazame chini yake kama kuna unga mweupe. Adui wa huku ni jua. Hapa tulipo ni jirani kabisa na Ikweta, kiasi kwamba nikitoka Kigungu kuelekea kusini huivuka kabla sijaenda kilomita kumi, na mwanga huo hula vitambaa na kamba kwa kasi isiyojulikana kwa walioandika vitabu vya mwongozo. Tanga likishushwa likunjwe na kufunikwa siku hiyo hiyo.

Kusimamisha mlingoti kunahitaji watu wawili wenye nguvu na mmoja mwenye akili tulivu. Wawili wanausukuma kutoka nyuma kwenda mbele, wa tatu anashika waya wa mbele na kuufunga. Kabla ya hapo, tazama juu. Mita nane za alumini zikigusa waya wa umeme, anayezishika hana nafasi ya pili, na kwenye mialoni mingi, yaani fuko za wavuvi, waya hupita chini chini kati ya vibanda na maji. Watengenezaji wenyewe walilijua hilo, na tangu miaka ya 1980 ncha ya juu ya mlingoti, kwenye vyombo vingi ingawa si vyote, hutengenezwa kwa faiba isiyopitisha umeme. Wangu ni wa namna hiyo. Hata hivyo, chini ya ncha kuna alumini ile ile, kwa hiyo nimejiwekea sheria kwamba mlingoti hausimamishwi wala chombo hakisukumwi na mlingoti uliosimama mahali ambapo naona waya wowote.

Hapa pia pana dosari kubwa ya chombo hiki, nami sijaizoea. Henza ya tanga kuu ina pete inayojipachika kwenye ndoano iliyoko kileleni, ili uzito wa tanga ubebwe na kilele badala ya kamba. Ni busara kwa mbio, kwani tanga halilegei. Lakini kulitua tanga inabidi ulivute juu kidogo, uzungushe mlingoti, uivute henza mbali na ndoano, kisha ndipo lishuke. Ufukoni ni kazi ya nusu dakika. Kwenye mawimbi, upepo wa mvua ukiwa umeshafika, ni kazi ambayo nimeshindwa mara moja na sitaki kuijaribu tena. Kwa ngalawa ya mjomba, tanga lilishuka kwa kufungua fundo moja. Mwenye kununua Hobie afanye zoezi hilo nchi kavu mara ishirini kabla ya kuingia majini.

Kuhusu mwendo wake, nianze kwa kukiri kwamba ujuzi wa ngalawa ulinisaidia nusu na kunipoteza nusu. Upepo wa ziwa ni mwepesi kuujifunza. Alfajiri hutoka nchi kavu kwenda majini, saa nne hunyamaza, na kuanzia saa sita au saba mchana hurudi kutoka kusini, ukikua hadi saa kumi. Kati ya Juni na Agosti upepo huo wa kusini hutegemewa karibu kila siku. Kwa kuwa uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, na upepo wa kasi ile ile husukuma kwa nguvu pungufu ya ile ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Tofauti hiyo niliihisi siku ya kwanza, ingawa sababu yake niliielewa baadaye.

Kilichonipoteza ni kugeuza. Mjomba, kama manahodha wengi wa matanga ya pembetatu, hakugeuza kwa kuupita upepo uso kwa uso. Alikipisha chombo nyuma ya upepo, tanga likazungushwa mbele ya mlingoti, na mambo yakaendelea. Hobie hugeuka kwa kuelekeza omo kwenye upepo na kuupita, na kwa kuwa ni nyepesi na ina mitumbwi miwili ya kuzungusha, husimama katikati ya mgeuko, ikiangalia upepo, matanga yakipigapiga, na kuanza kurudi nyuma. Siku nzima ya kwanza nilishindwa kugeuza hata mara moja bila kurudi nyuma. Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, jirani yangu, aliyejifunza tanga klabuni Kaazi. Alikaa kando yangu na kunishika mkono nilipotaka kuachia kamba ya tanga dogo. "Bado, kaka, bado. Liache lishike upepo upande usio wake." Tanga dogo likajaa kinyume, likaisukuma omo kama mtu anayefungua mlango kwa bega, mitumbwi ikapita, na ndipo akaniruhusu kuiachia na kuivuta upande wa pili. Siri nyingine ni mbili. Ingia kwenye mgeuko ukiwa na mwendo kamili, na usukume kana (mpini wa sukani) taratibu, kwa sababu sukani zikikatwa ghafla hugeuka kuwa breki. Baada ya alasiri tatu nilikuwa nageuza kila ninapotaka.

Na ikishika mwendo! Ubavu ukiwa kwenye upepo wa wastani, mtumbwi wa joshini, upande unakotoka upepo, hupungua uzito chini yako, sauti ya maji upande huo hukatika, na unabaki ukisikia mtumbwi mmoja tu ukiyachana maji kwa mlio mwembamba kama wa kitambaa kinachopasuliwa. Nimeendesha vyombo vingi vya pwani na hakuna kilichowahi kunipa hali hiyo. Mashua za uvuvi zenye injini ndogo huachwa nyuma, na wavuvi wenyewe husimama na kushangilia.

Hatari yake inatoka mahali hapo hapo. Omo za Hobie 16 ni nyembamba na hazina ujazo wa kutosha kuelea zikisukumwa chini, kwa hiyo upepo wa nyuma ukizidi, omo ya upande unakoelekea upepo huchimba maji, chombo husimama ghafla, na nyuma yake hupita juu ya mbele. Imetupata mara moja, mwezi wa Julai. Dawa ni kukaa nyuma kabisa ya wavu na kulegeza demani kabla ya kuogopa. Kupinduka kwa ubavuni hutokea mara nyingi zaidi na si jambo la kutisha, mradi muwe wawili. Unapanda juu ya mtumbwi wa chini, unashika kamba iliyofungwa chini ya mlingoti, na kuegemea nyuma kwa uzito wenu wote huku omo ikielekea upepo. Nina kilo 71 na peke yangu sikuweza hata kuutikisa mlingoti. Pamoja na mwalimu mwenye kilo 80 uliinuka kwa dakika mbili. Kwa hiyo sitoki peke yangu. Kileleni nimefunga dumu tupu la lita kumi, lililofungwa mfuniko kwa gundi, ili mlingoti usizame na chombo kisigeuke juu chini. Linaharibu sura, lakini limefanya kazi mara zote nne tulizopinduka.

Ninalisisitiza sana suala la jaketi okozi, na la kuvaliwa, si kubebwa. Wengi wetu tunaikumbuka tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe ilipozama jirani na ufuko wa Mutima, Mukono, na zaidi ya watu thelathini wakafa karibu na nchi kavu, wengi wao bila jaketi mwilini. Kila aliye kwenye chombo changu huivaa kabla mitumbwi haijaguswa na maji. Mvua za hapa huja na upepo wake mbele, nao huonekana kama mstari mweusi juu ya maji. Ukiuona mstari huo kusini, una takriban dakika kumi. Magugu maji hunasa sukani lakini hizo hujiinua na kuyaachia. Nyavu za wavuvi ni lazima uzijue kwa maboya yake, na njia nzuri ni kuwauliza wenyewe mwaloni kabla ya kutoka. Usisahau kichocho. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya pembeni yenye majani, mahali pale pale unaposimama kusukuma chombo, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila kuuma. Familia yetu hupima kila mwaka, na mwaka huu wawili wetu tulipewa prazikwanteli.

Hesabu yangu kamili ni hii. Epoksi, rangi na kazi ya fundi 640,000, wavu na mshono wa tanga 350,000, kamba 280,000, nyaya pamoja na usafiri wake 410,000, vipuri vya sukani na ushuru wake 900,000. Jumla ni shilingi 2,580,000 juu ya bei ya kununua, mbali na jaketi na lori la kukisafirisha. Kama ningegonga kwa sarafu siku ya kwanza, naamini bei ingeshuka kwa milioni moja na nusu.

Mwenye watoto wadogo, au anayetaka kutoka peke yake, nisingemshauri kuchukua Hobie 16. Akibahatika kuiona Dart 18, ambayo ilibuniwa Uingereza, ina urefu wa mita 5.5, na haina ule mti wa chini wa tanga unaopita juu ya vichwa, aitazame hiyo kwanza, kwani omo zake husamehe zaidi. Lakini kwa watu wawili wazima wenye afya, wenye subira ya mwezi mmoja wa ufundi kabla ya kugusa maji, hiki ni chombo ninachokipendekeza kwa moyo wangu wote, na kwa bei ya pikipiki mbili za boda boda hutapata kingine kitakachokupa ziwa hili namna hii.

Changu hakiuzwi. Kuna sehemu mpya kwenye mtumbwi wa kushoto, ndogo kama kiganja, ambayo sarafu imeanza kuitilia shaka tangu mwezi uliopita, na fundi wa Ndeeba amekubali kuja Jumamosi na mabomba yake ya sindano.